Mkutano Uliotangulia Kikundi

Karani wa benki alisoma tarehe mara ya kwanza kimya kimya, mara ya pili midomo ikimcheza, mara ya tatu kwa sauti iliyomfikia hata askari wa mlangoni. "Tarehe moja Januari, elfu mbili na tisa." Akachukua cheti cha usajili wa kikundi, kilichotolewa 2017, akakilaza kando ya kumbukumbu za mkutano nilizochapa mimi. "Kwa hivyo mlikutana, mkamng'oa mweka hazina, mkachagua mwingine, mkaandika na mkatia saini, miaka minane kabla kikundi hakijaandikishwa. Tena sikukuu ya Mwaka Mpya."

Nyuma yangu walikuwa wamesimama mwenyekiti, katibu na huyo mweka hazina mpya, wote wamejifunga leso za kikundi. Walikuwa wametoka Mutomo alfajiri, kwa nauli iliyotoka mfukoni mwa kikundi, ili kubadilisha majina ya wanaotia saini kwenye akaunti. Mimi niliandamana nao kwa sababu ndimi niliyechapa, na anayechapa husifiwa. Mwenyekiti ni mama wa makamo ya Mwaitu, mama yangu, na akisimama kwenye baraza hata chifu hukunja gazeti. Hakugeuka kunitazama. Alimwambia karani tu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Huyu kijana ana kompyuta ya bure."

"Ni betri," nikasema.

Karani akauliza betri ya nini, kwani kompyuta haitumii stima? Foleni yote ikageuka. Mzee mmoja aliyeshika bahasha ya kaki akasema hivyo ni virusi. Mwingine akamkata, akasema hapana, hiyo ni ile Linux, shemeji yake aliwekewa na printa ikagoma mpaka leo. Nilifungua mdomo nieleze, karani akaita, "Anayefuata." Tulirudi Mutomo mchana huo, mwenyekiti kwenye kiti cha mbele cha matatu, mimi nyuma kabisa pamoja na gunia la mtu la ndengu.

Kwa kuwa pale dirishani sikupewa nafasi, nitaeleza hapa.

Kichwa cha karatasi za kikundi kina tarehe inayojijaza yenyewe. LibreOffice, programu ninayoandikia, inapofungua karatasi huiuliza kompyuta leo ni lini, na kompyuta nayo hutazama saa yake. Siku ile saa yake ilikuwa na hakika kabisa kwamba ni 2009. Ndani ya mashine yangu Kibaki ni rais na Raila ni waziri mkuu. Katiba mpya haijapigiwa kura. Hakuna Kaunti ya Kitui wala ya Makueni. Sote tuko Mkoa wa Mashariki, na gavana ni mzungu wa kwenye kitabu cha historia. M-Pesa ipo, lakini haijatimiza miaka miwili. Wanachama waliosoma kumbukumbu zile waliyasoma maneno na kuiruka tarehe. Nani husoma tarehe ya leo?

Sasa, kompyuta ina saa mbili. Moja ni ya mfumo wenyewe, nayo huzaliwa mashine ikiwashwa na kufa ikizimwa. Ya pili imekaa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, haina sauti wala taa, na kazi yake ni kukesha. Mashine ikilala, yeye anahesabu. Anachohesabu ni mitetemo ya fuwele ya Quartz, jina ambalo utalikuta kwenye uso wa saa nyingi za mkononi. Fuwele hiyo huchongwa kwa umbo la uma wa meno mawili, na ukiipitishia umeme kidogo sana hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde.

Nambari hiyo haikuokotwa. Igawe kwa mbili, unapata 16,384. Gawa tena, 8,192. Endelea kukata nusu kwa nusu, na ukifika mara ya kumi na tano umebaki na moja: mpigo mmoja, sekunde moja. Hakuna hesabu ngumu humo ndani, ni kukata nusu tu, jambo ambalo saketi ya bei rahisi hulifanya usiku kucha bila kulalamika. Niliposoma habari hii mara ya kwanza niliinuka kitini nikaenda kumweleza Mwaitu, naye akaniuliza kama nimelisha mbuzi. Kuna na hili: fuwele ya aina hiyo husanifiwa ili iwe sahihi zaidi penye joto la kama nyuzi 25 hivi. Hewa ikizidi hapo, mwendo wake hupungua. Mwezi wa Februari hapa kwetu, baada ya saa sita mchana, viumbe vyote hupunguza mwendo, lakini sikujua kwamba hata mawe.

Chakula cha saa hiyo, mashine inapokosa stima, ni betri bapa ya duara, ya volti tatu. Na hapo ndipo kisa chetu kilipo. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, hata ukiizima, huendelea kupokea umeme mdogo wa kungojea kuwashwa, na saa hula humo. Betri huguswa pale tu umeme wa ukutani unapokatika kabisa. Mashine yangu ilifanya kazi ofisini huko Ulaya miaka mingi, imechomekwa usiku na mchana, betri yake ikizeeka bila kuitwa kazini. Siku ilipopakiwa kwenye kontena ilikuwa nusu mfu, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji. Muuzaji wa mjini Wote aliniuzia akiniambia haina neno, nami nikaipeleka nyumbani kwa Mwaitu.

Mwaitu huzima kila kitu ukutani. Soketi zetu Kenya zina swichi, tulizirithi kwa Waingereza, na Mwaitu anaamini swichi haikuwekwa pale kuwa pambo. Kabla ya kulala huzunguka nyumba nzima: runinga, redio, chaja, kompyuta, taf, taf, taf. Anasema tokeni za stima huibwa usiku. Anasema pia radi ya Mutomo haibishi hodi, na kwa hilo siwezi kumpinga. Kwa hiyo betri iliyozoea kustarehe Ulaya ilifika Ukambani na kuambiwa kwamba kuanzia leo zamu ya usiku ni yako, kila siku. Ilijaribu. Saa ikachelewa kwa dakika, kisha kwa saa, nami sikujua, kwa sababu intaneti ilikuwa ikiifichia aibu.

Hilo nalo linataka maelezo. Kuna utaratibu unaoitwa NTP, ulioandikwa na David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na kutangazwa 1985. Kompyuta yako huitumia salamu kompyuta nyingine inayojua saa, hupima salamu imechukua muda gani kwenda na kurudi, hukadiria kuchelewa kwa njiani, kisha hujirekebisha. Nyingi ya kompyuta hizo zinazojibu bure ni za watu wanaojitolea tu, dunia nzima. Ni jambo la ukarimu mkubwa. Ila programu ya asili ya NTP ina tabia moja: usipoipa ruhusa maalum, ikikuta saa yako imepotoka zaidi ya sekunde 1,000 hujizima, kwa hoja kwamba kosa kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la kwake. Nimewahi kufanya kazi na watu wa sampuli hiyo.

Jioni ya kuchapa kumbukumbu, bando ilikuwa imeisha. Betri nayo ilikuwa imekata roho usiku uliotangulia.

Mkutano ulikuwa umefanyika kwetu, chini ya mwembe, na baada ya sala ya kufunga viongozi wakaingia ndani ili kumbukumbu zichapwe wakiwepo. Katibu alikuwa na kaunta buku yake, imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu, kila herufi imenyooka. Nikawasha mashine. Feni ikalia. Badala ya picha ya mandhari niliyoizoea, skrini ikabaki nyeusi, na maandishi meupe ya Kiingereza yakashuka mpaka yakasimama.

"Inasema nini?" akauliza mwenyekiti.

Nikasoma. Nikasoma tena. "Inasema mara ya mwisho ilifunguliwa siku ambayo bado haijafika."

"Nani aliifungua?"

"Ni mimi. Jana."

"Na jana haijafika?"

"Kwake yeye, bado."

Mwaitu akaleta chai.

Nisamehewe nikikaa hapa kidogo, maana sijawahi kuona mashine ikifikiri vizuri hivyo na kukosea hivyo. Mwanzoni mwa diski yenye mfumo wa bure wa Linux, kama yangu, kuna sehemu inayotunza habari za diski yenyewe: ukubwa wake, idadi ya mafaili yanayoweza kukaa humo, mara ya mwisho ilipofunguliwa, mara ya mwisho ilipoandikwa. Kila mashine inapowaka, kuna mkaguzi anayetangulia mbele ya wengine kusoma habari hizo kabla diski haijaruhusiwa kutumika. Akikuta tarehe imetangulia mbele kwa muda usiofika siku moja, husamehe, anajua saa huchanganyikiwa. Lakini diski yangu ilisema ilifunguliwa jana tu, na saa ya madabodi ikasema leo ni Januari 2009. Mkaguzi akajumlisha. Ama diski inadanganya, ama imetoka wakati ujao; kwa vyovyote vile si ya kuaminiwa. Haikumpitia hata kidogo kwamba mwongo anaweza kuwa saa. Saa haiulizwi. Akasimamisha kila kitu, akataka aje mtu mwenye mamlaka, na ili kujua kama una mamlaka akataka paswadi.

Nikaanza kuiandika.

"Haiandiki," akasema mweka hazina mpya, aliyekuwa ameinama nyuma ya bega langu.

"Inaandika, ila haionyeshi."

"Kwa nini?"

"Ili watu wasione."

Akajinyoosha. "Sisi ndio watu?"

Katibu akasema, kwa upole, kwamba yeye ana kaunta buku.

Paswadi ikakubaliwa. Nikamwita mkaguzi aanze kazi, naye akaniuliza kama nataka tarehe ile irekebishwe. Nikabonyeza y, Kiingereza cha ndiyo, na kwa herufi hiyo moja miaka kumi na sita ikafutwa: ugatuzi, chaguzi, ukame, mvua. Kisha akaanza kupita hatua zake, nazo ni tano, na anazitangaza moja moja. Kwanza hukagua kila faili peke yake, kwamba sehemu inazodai ni zake kweli na hakuna mbili zinazodai sehemu moja. Halafu hukagua folda. Halafu huhakikisha kwamba kutoka kila folda unaweza kupanda, mzazi kwa mzazi, mpaka ukafika mzizini. Halafu huhesabu kila faili linaitwa kwa majina mangapi. Mwisho hupiga jumla ya nafasi tupu na kuilinganisha na iliyoandikwa. Akikuta faili lisilo na mzazi halitupi. Huliingiza kwenye folda maalum ya vilivyopotea na kupatikana, na kwa kuwa jina halijui hulipa nambari. Nilikuwa nikiwaeleza haya yote huku yakipita, na naamini mwenyekiti alivutiwa na hiyo hatua ya tatu, kwa sababu aliuliza kama inaweza kukagua ukoo.

Mashine ikawaka. Walipiga makofi. Mwaitu, ambaye hajawahi kunisifu mbele ya watu, alisema huyu wetu hashindwi na kitu. Nikachapa kutoka kwenye kaunta buku, wakasaini papo hapo, wakaondoka na taa za simu, na mimi nikaketi mbele ya ile skrini nikijihisi mtu.

Mengine ya benki mmeshayasikia.

Kesho yake niliirekebisha tarehe kwa mkono, na hiyo ilikuwa sawa na kuutega mtego upya, kwa sababu Mwaitu alizima ukutani usiku, saa ikarudi 2009, diski ikawa tena inatoka wakati ujao, mkaguzi akasimama tena mlangoni. Kila asubuhi. Nilimwomba Mwaitu aache swichi moja tu, hiyo moja. Akauliza nani atalipa.

Basi betri. Fundi mmoja wa saa, kando ya stendi mjini Kitui, alinitolea moja kwenye kikopo cha filamu ya kamera, akaifuta kwa shati. Nilimuuliza kama ni nzima. "Soma mwenyewe," akasema, akinionyesha nyuma yake. Imeandikwa CR2032. "Hiyo inakwenda mpaka elfu mbili thelathini na mbili."

Ilikuwa ya kuaminika sana jinsi alivyoisema. Ukweli ni kwamba nambari hiyo ni vipimo: milimita 20 kwa upana na 3.2 kwa unene. Herufi ya kwanza ni ya kemia ya lithiamu, ya pili inasema ni ya duara. Lakini ukisimama juani na foleni ya watu wenye saa zilizokufa nyuma yako, mwaka 2032 una mvuto kuliko milimita. Nililipa shilingi mia. Ile betri haikupitisha hata usiku mmoja, na niliporudi kumweleza, alinionyesha tena maandishi yaleyale, akaniuliza kama mwaka huo umefika.

Betri nzima niliipata kwa dadangu Kibwezi. Anaoka keki, na ana mizani ya kidijitali ya kupimia unga. Nilipanda matatu ile barabara ya Mutomo, lami siku hizi, tukapita Ikutha, tukavuka Athi tukaingia Makueni, na nilipofika kwake niligeuza mizani kabla sijaketi. Ilikuwa ileile, 2032, mpya. Nilimwambia naiazima. Tangu hapo anapima unga kwa kikombe na kwa imani, na kuna bwana harusi wa Makindu ambaye angependa kunifahamu.

Saa ikasimama imara. Yaliyobaki ni madogo. Kabla ya betri hiyo nilijaribu kuingia mtandaoni, na kila tovuti ikakataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa mashine ya 2009 hakuna cheti hata kimoja kilichokwisha kuanza. Nilipoomba masasisho, mfumo ukanijibu kwa adabu kwamba orodha yake ya programu bado haijawa halali, nisubiri karibu siku elfu sita. Kisha ikaja tofauti ya saa tatu, maana kwenye diski hiyohiyo mwenye mashine wa kwanza aliacha mfumo ule mwingine wa kulipia. Ule huandika saa ya madabodi kwa majira ya nyumbani, Linux huiandika kwa majira ya Greenwich, na kila ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine siku inasogea kwa saa tatu. Mwaitu huhesabu saa kuanzia jua linapotoka, mashine kuanzia usiku wa manane. Kati yao tayari kulikuwa na saa sita. Siku moja tulikuwa na saa tatu tofauti sebuleni, na mgeni akaulizwa yake ili tupige kura.

Siku sifuri ya mifumo yote ya jamii hii, kwa taarifa yako, ni tarehe moja Januari 1970 usiku wa manane kule Greenwich, hapa Mutomo ikiwa saa tisa usiku. Kila kitu huhesabiwa kwa sekunde kuanzia hapo. Mashine za zamani zinazotunza hesabu hiyo kwa biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu, na sekunde itakayofuata zitarudi mwaka 1901. Nimemwambia katibu. Amesema kaunta buku yake itakuwepo.

Na kuna faili la majira ya dunia, hukaa ndani ya kila Linux, lenye historia ya saa za kila mahali. La kwetu linaitwa Nairobi, na Dar es Salaam na Kampala siku hizi huelekezwa humo humo. Ukilichungulia utakuta kwamba katika enzi za mkoloni Nairobi iliwahi kuitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Mtu fulani, kwa hiari yake, alichimba hilo na kuliandika, ili kompyuta yangu ikiulizwa saa ngapi ilikuwa Nairobi siku ya zamani ijibu bila kusita.

Ndiyo maana naudhika. Watu wanaoweza kukumbuka dakika 45 za Nairobi ya mkoloni hawakukumbuka kwamba kuna nyumba ambazo stima huzimwa ukutani kila usiku. Wala si kwamba dawa haijulikani. Kuna kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa bila saa ya namna hii kabisa, wala betri yake, na walioitengenezea mfumo waliliona tatizo: wakauwekea kiprogramu kinachohifadhi saa kwenye faili kila mashine inapozimwa, na kuisoma inapowaka. Haitakuwa sahihi kwa dakika, lakini haitarudi nyuma. Matoleo makubwa ya Linux nayo yana namna hiyo. Toleo langu, lile jepesi, lililotengenezwa mahsusi kwa mashine kuukuu, halikuwekewa. Nani mwenye mashine kuukuu? Ni ofisi za Ulaya zenye stima isiyokatika, au ni sisi?

Bure nayo. Najua historia, najua kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyetangaza 1991 kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha, na maelfu waliomfuata. Sijawahi kulipa hata senti kwa mfumo huu, na nisingeweza kuulipia ule mwingine. Lakini masasisho ni mamia ya megabaiti, na megabaiti hazigawiwi bure mtu yeyote hapa kwetu. Hapo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kusema Kiswahili. Miaka mingi imepita, na mashine bado ilisimama mbele ya kina mama wa Mutomo ikizungumza Kiingereza cha wakati ujao. Kama ingesema kwa Kiswahili kwamba saa yake imekufa, mweka hazina angeninunulia betri papo hapo.

Aliyeniuzia naye simsahau. Betri ni shilingi mia. Mashine inafunguliwa, inapanguswa vumbi, inabandikwa karatasi inayosema imekaguliwa. Kumbe aliyeikagua aliikagua ikiwa imechomekwa. Nimeingia vyumba vya kompyuta vya shule zaidi ya moja, Kitui na Makueni, na kila mara natazama kona ya skrini kwanza. Watoto wanafundishwa kwamba kompyuta haikosei, mbele ya mashine zinazoamini hawajazaliwa.

Benki, hatimaye, ilikubali kumbukumbu za kikundi zikiwa zimeandikwa kwa mkono na katibu, na kugongwa muhuri wa chifu.

Siku hizi mashine inawaka vizuri. Siafu waliingia kwenye pawa wakafukuzwa. Mjusi aliyekaa kwenye feni alitoka mwenyewe. Sauti ilipotea wiki nzima kisha ikarudi bila maelezo. Tatizo lililobaki ni umaarufu wangu mpya. Jirani amekuja na redio, nimwangalizie betri. Kijana wa bodaboda amenisimamisha sokoni kuuliza kama pikipiki yake inaweza kuwa na ile ya 2032. Na juzi, katikati ya orodha ya michango, mausi ikakwama. Mwaitu, bila hata kuacha kuchagua ndengu zake, akasema ni betri.

Mausi ina waya.